Umwagiliaji wa matone kwa shamba dogo: kutoka kwenye tenki hadi kwenye mzizi

Wageni wanaokuja shambani kwangu Dodoma saa moja asubuhi, maji yakiwa yamefunguliwa, huuliza swali lile lile: "Maji yenyewe yako wapi?" Mfereji hawauoni, mlio wa maji hawausikii. Wanachoona ni mipira myeusi imelala kando ya miche ya nyanya, na kila baada ya sentimita 30 kuna doa la udongo uliokoza rangi, upana wa kisosi. Basi. Hapo huchukua jembe nikakata udongo pembeni mwa doa moja, wakaona kwamba kile kilichokuwa kisosi juu, chini ni beseni.

Udongo wa juu unadanganya, na huo ndio ugumu wote wa kilimo hiki. Juu kukiwa kukavu, mwenye shamba anaongeza maji, kumbe chini mizizi inaoga. Au juu kuna doa zuri, kumbe tundu la mstari wa mwisho linatoa nusu ya linachotoa la kwanza. Wengi walioniambia "matone yalinishinda" walikuwa wamefunga mabomba vizuri tu. Hawakuchimba, hawakupima.

Nitaeleza shamba la ukubwa mmoja, mita 20 kwa 25, yaani mita za mraba 500, nusu ya robo ekari. Zao ni nyanya. Ukielewa hesabu zake utaweza kuzipunguza zifae bustani ya nyuma ya nyumba, au kuziongeza.

Inavyofanya kazi

Chukua kipande cha mpira wa matone, urefu wa kiganja, ukipasue kwa wembe. Ndani, pale penye tundu, utaona utepe mwembamba wa plastiki uliobandikwa ukutani, una meno meno kama zipu. Hiyo ndiyo mashine yote. Maji huingia kwenye utepe kupitia vinjia vidogo, yakapita kona baada ya kona kati ya yale meno, na kila kona huyapunguzia nguvu. Yakifika kwenye tundu la nje hayawezi tena kuruka, yanadondoka. Ndiyo maana bomba lililotobolewa kwa msumari wa moto haliwi mpira wa matone hata ulitoboe kwa ustadi gani: tundu la kwanza litarusha maji, la mwisho litabaki kavu.

Kumwagilia polepole penye mzizi ni jambo la kale. Watu wamefukia mitungi ya udongo kando ya mimea kwa karne nyingi, maji yakawa yanajipenyeza yenyewe. Njia ya kona kona ndani ya plastiki ndiyo mpya. Aliyeisukuma ni mhandisi Simcha Blass wa Israeli, na mwaka 1965 kijiji cha ushirika cha Hatzerim, jangwani Negev, kiliungana naye kuanza kuitengeneza kibiashara.

Kinachosukuma maji ni presha, na kwenye shamba dogo lisilo na pampu presha ni urefu tu. Mita 10 za kimo cha maji ni bari 1. Dukani mpira huuzwa kwa kipimo cha bari 1, mathalani lita 1.6 kwa saa kwa kila tundu. Sasa tenki lako liko juu ya mnara wa mita 2, na maji ndani yamefika nusu mita: una mita 2.5, robo ya bari. Je, utapata robo ya maji? La, utapata nusu, lita 0.8, kwa sababu kwenye njia hizi za kona kona presha ikipungua mara nne maji hupungua mara mbili tu. Chujio na mabomba navyo vinachukua chao. Kwangu kinachofika ni kama lita 0.6. Hesabu hii muulize muuzaji. Asipoielewa, anakuuzia mpira tu.

Wataalamu wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, katika hesabu zao huchukua kwamba kwenye mifereji mmea unafaidi asilimia 60 hivi ya maji yaliyomwagwa, kwenye vinyunyizio vya mvua bandia asilimia 75, kwenye matone asilimia 90. Lakini ile 90 haiji na kifurushi cha vifaa. Anayefungua matone saa nne mfululizo kwenye udongo wa kichanga anapoteza maji kama mwenye mfereji, ila yake yanapotelea chini asikoona.

Faida nyingine ni kwamba majani yanabaki makavu. Bakajani, ugonjwa wa ukungu, hupenda majani yenye unyevu, kwa hiyo matone humpunguzia kazi anayepiga dawa. Kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hutoboa nyanya, hajali, huyo usitarajie mabomba yatakusaidia. Magugu nayo hupungua katikati ya mistari kwa kuwa kule hakuna maji.

Mazao yanayolipa ni yale yanayopandwa kwa mistari yenye nafasi: nyanya, hoho, bilinganya, tango, tikiti, papai, migomba, zabibu. Vitunguu vinakubali, ila mipira lazima iwe karibu karibu, na gharama inapanda. Mchicha wa kumwaga mbegu achana nao. Mwagilia kwa keni.

Anza na maji, siyo na mabomba

Kabla hujanunua hata kiungio kimoja, jibu swali moja: kwa siku unapata lita ngapi za uhakika?

Mche wa nyanya uliohamishwa juzi unatosheka na nusu lita kwa siku. Ukianza kutoa maua unataka lita 1 hadi 1.5. Ukibeba matunda, na jua la Septemba na upepo wetu huu, lita 2, na siku mbaya zaidi kidogo. Shamba letu lina mistari 25 ya mita 20, miche kila nusu mita, jumla miche 1,000. Kwa hiyo siku za kilele ni lita 2,000. Kwa msimu mzima, siku 90 shambani kwa wastani wa lita 1.5, ni lita 135,000. Hayo ni malori 13 na nusu ya lita 10,000. Kama maji yako ni ya kununua kwa lori, funga hesabu hapa hapa na ulime kitu kingine. Chanzo kinachofaa ni kisima, bwawa, mto, au bomba la uhakika.

Halafu yapime maji yenyewe. Huhitaji maabara kwa kuanzia. Jaza chupa ya kung'aa, iache usiku kucha bila kuitikisa. Tope likitua chini, unahitaji tenki la kutuliza maji kabla ya tenki la shamba. Maji yaliyotoka safi yakageuka rangi ya chai au kutu, yana madini ya chuma: yaache yadondoke kutoka juu yapigwe hewa, yatulie, uchote ya juu. Chunguza pia sufuria au birika la nyumbani. Ukoko mweupe ndani yake unakuambia kwamba ukoko huo huo utajijenga kwenye matundu. Na yaonje. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi. Nyanya inavumilia kiasi, maharage hayavumilii. Ukionja ukakunja uso, hapo sasa peleka sampuli maabara.

Tenki na mnara

Tenki la lita 1,000 linatosha, ukilijaza mara mbili siku za kilele. Liwe jeusi na liwe na mfuniko. Tenki jeupe linaloruhusu mwanga kupita huotesha ukijani ndani, na ukijani huo utaukuta baadaye kwenye matundu.

Mnara ndio watu wanaoudharau. Lita 1,000 ni tani moja, bila kuhesabu tenki lenyewe. Mnara wangu wa kwanza ulikuwa wa mirunda isiyotiwa dawa. Mwezi wa nne mchwa walikuwa wamekula mguu mmoja, na asubuhi moja nikakuta tenki limeinama kama mzee anayesikiliza jambo. Nilibahatika lilikuwa karibu tupu. Jenga kwa matofali na zege, au chuma kilichopakwa rangi, na jukwaa la juu liwe tambarare. Tenki la plastiki likikaa juu ya mbao zilizoachana litapasuka tako. Kimo cha mita 2 kinatosha shamba hili. Mita 1 inafanya kazi kwa bustani yenye mistari mifupi. Kama una kilima, weka tenki juu ya kilima na uokoe pesa ya mnara.

Tundu la kutolea maji liwe sentimita 10 hivi juu ya sakafu ya tenki, ili mchanga ubaki chini. Weka na koki ya pili chini kabisa kwa ajili ya kuuosha mchanga huo.

Chujio, kisha bomba kuu

Msimu wangu wa kwanza duka liliniambia kwamba kwa shamba dogo chujio si lazima. Nilikubali, maana pesa ilikuwa imekwisha. Wiki ya tano mistari mitatu ya mwisho ilianza kunyauka mchana. Nikaongeza muda wa maji, mistari ya mbele ikawa tope, ya nyuma ikaendelea kunyauka. Nilipokata mpira mmoja kwa kisu, lilitoka tope la kijani mfano wa mlenda. Mipira ya mistari ile niliitupa yote.

Kwa hiyo chujio ni lazima. Nunua la visahani au la wavu, la mikroni 130, ambalo madukani huandikwa meshi 120. Lifunge baada ya geti valvu, ile koki kuu ya kufungua na kufunga maji ya tenki, mahali unapofika kwa mkono bila kupiga magoti kwenye matope, kwa sababu chujio lisilofikika halioshwi. Mshale ulioandikwa mwilini mwake uelekee shambani. La inchi moja na robo hupitisha maji kwa urahisi kuliko la inchi moja, na kwenye presha ndogo kama yetu tofauti hiyo utaiona kwenye matone.

Kutoka kwenye chujio lete bomba la plastiki jeusi la inchi moja, milimita 32, mpaka upande wa juu wa shamba, ulilaze kwenye ukingo wa mita 25. Usibane matumizi ukachukua la nusu inchi. Mistari ya mwisho itakosa. Kama ardhi ina mteremko, bomba hili ndilo lishuke na mteremko, mipira ya matone ikate kufuata usawa. Mpira unaopanda kilima kwa presha ya tenki hautoi kitu mwishoni.

Kuandaa matuta hakuna siri: lima kina cha kutosha, changanya samadi iliyoiva, sawazisha kwa reki, ondoa visiki na mawe yenye ncha. Mpira ukipita kwenye mabonde na vilima vidogo, maji hukusanyika bondeni.

Kulaza mipira

Hapa fuata mpangilio, kwa sababu ukikosea mfuatano unaanza upya.

1. Weka alama kwenye bomba kuu kila baada ya mita 1. Utapata alama 25.

2. Toboa kila alama kwa kekee ya ukubwa ulioandikwa kwenye kifuko cha viungio. Usitumie msumari wa moto: tundu linakuwa na kingo, na kingo zinavuja. Vipande vya plastiki vilivyoingia ndani usivisahau, tutavitoa.

3. Ingiza pete ya mpira ya kubana kwenye tundu, kisha kiungio cha kuanzia. Kikisumbua, kichovye kwenye maji ya moto au sabuni. Viungio vyenye koki yake ni ghali kidogo, lakini vinakuruhusu kufunga mstari mmoja uliokatika wakati mingine inaendelea.

4. Nyoosha mpira wa matone, mtu mmoja akishika robota na mwingine akitembea na ncha. Usiuburute juu ya ardhi. Matundu yaangalie juu. Mchanga mchache unaopita chujio hulala chini ya mpira, na tundu la chini ndilo huumeza.

5. Kata mpira ukiacha nusu mita ya ziada. Usiku wa baridi plastiki hujikunja, na mpira uliovutwa mchana wa jua huchomoka kwenye kiungio alfajiri.

6. Usifunge miisho bado. Fungua maji, yaache yapite mpaka vile vipande vya plastiki na vumbi vitoke vyote. Dakika tano kwa kundi la mistari mitano mitano, siyo yote kwa pamoja, maana maji hayatakuwa na kasi ya kusukuma uchafu.

7. Sasa kunja mwisho wa kila mpira mara mbili na uvike kipande cha mpira huo huo, urefu wa vidole vinne, kama pete. Huna haja ya kununua kofia za miisho.

Mipira ya kununua kwa ajili ya presha ya tenki iwe ya milimita 16, matundu kila sentimita 30, na mstari usizidi mita 20. Ukuta wa milimita 0.15 ni wa msimu mmoja au miwili. Ule wa 0.3 utakaa zaidi ukiutunza. Epuka mipira yenye vitonesha vya kusawazisha presha, vile vinavyosifiwa kwa mashamba ya milimani. Ni vizuri, lakini vingi vinataka kama nusu bari ndipo vifanye kazi inavyotakiwa, na wewe una robo.

Watu husumbuka mche usipokaa sawa na tundu. Baada ya siku mbili tatu za maji yale madoa yanaungana chini, unakuwa utepe mmoja wa unyevu, na mche wowote ulio ndani ya utepe huo unakunywa.

Pima kabla ya kupanda

Hatua hii haimalizi saa nzima na inarukwa na karibu kila mtu.

Nunua bomba la sindano la mililita 60 kwenye duka la dawa za mifugo, na ukusanye vifuniko tisa vyenye kina, vya mikebe ya siagi au vya kopo. Chagua mstari wa kwanza, wa katikati na wa mwisho. Katika kila mstari chagua tundu la mwanzo, la kati na la mwisho. Fukua shimo dogo chini ya kila tundu, weka kifuniko. Kwa kuwa tundu linaangalia juu, maji yatateleza kando ya mpira yakadondokee kwingine. Funga uzi kuzunguka mpira pale pale penye tundu, na matone yatafuata uzi.

Fungua maji, subiri yatulie, kisha hesabu dakika 6 tu. Kiasi cha mililita ulizopata, zidisha kwa 10, ndicho tundu linachotoa kwa saa. Mililita 60 ni lita 0.6 kwa saa. Andika namba zote tisa. La chini kabisa likipungua zaidi ya moja ya tano ya la juu kabisa, kuna kasoro, na mahali ilipo panajisema. Mistari yote ikipungua kuelekea mwisho wake, mistari ni mirefu mno au ardhi inapanda. Ukipungua mstari wa mwisho mzima, bomba kuu ni dogo. Likikosea tundu moja peke yake, limeziba.

Shamba letu lina matundu kama 1,667. Kwa lita 0.6, ni lita 1,000 kwa saa: tenki moja kwa saa moja, lita moja kwa kila mche. Ukishaijua namba hiyo, saa ya mkononi inakuwa mita yako ya maji. Miche michanga, nusu saa. Yenye matunda, saa mbili. Rudia kipimo kila mwezi na ulinganishe na daftari. Kuziba huanza kuonekana kwenye namba kabla halijanyauka jani hata moja.

Muda wa kumwagilia, na jembe la kuhakikisha

Namba zinakupa kiasi. Udongo ndio unaoamua kiasi hicho kigawanywe vipi.

Kwenye kichanga maji hushuka wima, unyevu ukawa na umbo la karoti, upana sentimita 20 au 30 tu. Ukiyaachia saa mbili mfululizo, saa ya pili inakwenda chini ya mizizi na kuondoka na mbolea yako. Gawanya: muda wa saa moja asubuhi, na mwingine wa saa moja alasiri. Mfinyanzi hufanya kinyume. Maji hutambaa pembeni, umbo la kitunguu kilichobonyea, na kukauka huchukua muda. Huko unaweza kuruka siku, ukamwagilia mara moja kwa muda mrefu.

Ili usibahatishe, siku ya tatu baada ya kuanza, kata udongo kwa jembe kukingama na mpira, kina cha sentimita 40, saa moja baada ya kufunga maji. Tazama mpaka wa rangi nyeusi umefika wapi. Nyanya changa inataka unyevu wa sentimita 20, iliyokomaa 30 hadi 40. Kisha bana udongo wa kina hicho kwenye kiganja: ukishikana bila kutoa maji, ni sawa, maji yakichuruzika vidoleni, umezidisha, ukisambaratika, umepunja. Nachimba mara moja kwa wiki, mahali tofauti, nikafukia.

Ukiacha ile saa ya alasiri ya kichanga, mwagilia alfajiri na asubuhi, na usibadilishe ratiba hovyo. Nyanya iliyokaushwa siku tatu ikamwagiliwa kwa pupa hupasuka, na ile inayopata maji kwa kusuasua huoza kitako hata kama madini ya kalisi yapo tele udongoni, kwa kuwa kalisi husafiri na maji.

Kuna jambo la chumvi ambalo huwashangaza wengi. Maji yakisambaa kutoka kwenye tundu huisukuma chumvi mpaka ukingoni mwa unyevu, ndiyo ile pete nyeupe unayoiona. Ikibaki pale haina shida. Ikinyesha manyunyu ya mvua, chumvi ile hurudishwa kwenye mizizi. Kwa hiyo mvua ya kwanza ikianza kunyunyiza, usikimbilie kufunga maji. Yafungue, yaendelee kuisukuma chumvi nje mpaka mvua iwe ya kweli. Majirani watakucheka.

Mbolea kupitia matone

Mbolea ikipita kwenye maji hufika palipo na mizizi, na unaweza kuigawa kidogo kidogo. Lakini siyo kila mbolea. DAP, mbolea ya kupandia, haiyeyuki safi, na CAN, ya kukuzia, huacha mchanga wa chokaa. Hizo weka kwa mkono kwenye udongo. Urea huyeyuka vizuri, vilevile nitrati ya potasi na nitrati ya kalisi.

Kosa kubwa ni kuchanganya nitrati ya kalisi na mbolea yenye fosfeti au salfeti. Kwenye tenki moja zinaungana na kuwa fosfeti ya kalisi au jasi, na hiyo ni saruji ndani ya mipira. Siku ya kalisi iwe yake. Ukiwa na shaka juu ya mbolea mbili, changanya kidogo kwenye chupa ya maji unayotumia shambani, uache saa moja. Ikifanya ukungu au mashapo, usizikutanishe.

Utaratibu kwa tenki letu: acha nusu ya kwanza ya maji iende tupu, ilainishe udongo. Yeyusha mbolea kwenye ndoo, chuja kwa kitambaa, mimina kwenye lita 500 zilizobaki, koroga. Usizidishe gramu 2 kwa lita. Kwa lita 500 hiyo ni kilo moja, na miche midogo ipe nusu ya hapo. Zikiisha, ongeza lita 200 za maji matupu zisafishe mabomba. Mbolea ikilala ndani ya mipira huotesha utelezi.

Matunzo

Chujio lioshwe kila siku mbili mwanzoni, kisha ujifunze tabia ya maji yako. Miisho ya mipira ifunguliwe kila wiki, maji yatoke mpaka yawe meupe. Kama una ukijani kwenye mabomba, mimina mililita 300 za dawa ya kufulia ya klorini ya asilimia 3.5 kwenye tenki la lita 1,000, jaza mipira, ilale usiku, asubuhi toa yote kupitia miisho. Usiweke klorini pamoja na mbolea, na usiikutanishe kabisa na asidi ya aina yoyote: inatoa gesi inayoua. Ukoko wa chokaa ndio unaohitaji asidi, na asidi za kazi hiyo si za kuchezea. Mwachie mwenye uzoefu na vifaa vya kujikinga.

Adui mwingine ni jembe. Kibarua mpya mwonyeshe mpira kwanza kabla hujamwonyesha magugu, na uwe na viunganishi kumi akiba nyumbani, maana mpira hukatwa Jumapili duka likiwa limefungwa. Panya na ndege hutoboa mipira wakitafuta maji. Mimi huwawekea beseni la maji pembeni ya shamba, na wengi huridhika nalo.

Kwenye zabibu funga mpira kwenye waya, kama sentimita 40 juu ya ardhi, ili palizi ipite chini yake. Kwa papai na miembe tumia vitonesha vya lita 4 kwa saa, viwili kwa mche, ukivisogeza mbali na shina kila kivuli kinapopanuka. Mizizi inayokunywa iko ukingoni mwa kivuli. Na ukiwa na uwanja tu, pipa la lita 200 juu ya matofali, kimo cha mita 1, linahudumia mistari mitano ya mita 10, miche 100, kwa hesabu zile zile ukigawa kwa kumi, ila muda pima upya, maana pipa la chini lina presha ndogo.

Msimu ukiisha, osha mipira kwanza kwa maji ya kasi, funga mistari michache michache. Ichomoe ikiwa bado na ubaridi wa asubuhi, isikunjike vibaya, uizungushe kwenye rimu kuukuu ya baiskeli. Kila robota liandike namba ya mstari wake kwa rangi, kwa sababu mipira haichakai sawa, na namba zako tisa za mwaka jana zitakuambia upi wa kutupa. Ning'iniza kivulini, juu, panya wasikofika.